Matakia ya Warnemünde Wakati wa Baridi

Warnemünde ni sehemu ya mji wa Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, mahali mto Warnow unapoingia katika Bahari ya Baltiki. Kiangazi ufukwe wake hujaa viti vya kikapu vyenye paa, vilivyotandikwa matakia. Wilhelm Bartelmann, fundi wa vikapu wa Rostock, alisuka cha kwanza mwaka 1882 kwa ajili ya bibi mmoja mwenye baridi yabisi, aliyetaka kuketi ufukweni bila kupigwa na upepo. Mwaka uliofuata mkewe, Elisabeth, akaanza kuvikodisha.

Kiangazi kikiisha, viti huondolewa mchangani na kuwekwa mabandani. Hapo ndipo matakia hudai uangalifu, kwani mkodishaji huishi kwa mapato ya miezi michache, na takia lililoota kuvu hakuna mgeni atakayelilipia. Adui si baridi, bali unyevu. Chumvi ya bahari iliyobaki kitambaani huvuta maji kutoka hewani; takia lililokuwa kavu jioni laweza kuamka limelowa. Yapasa basi lisuuzwe kwa maji baridi, lisimamishwe wima, likauke hadi sponji ya ndani, si kitambaa cha juu tu.

Kisha lipangwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, lifunikwe kwa shuka. Kulifunga ndani ya nailoni, jambo wapendalo wenye haraka, ni kuufungia unyevu ndani. Siku kavu za Desemba banda lifunguliwe. Siku za ukungu wa bahari lifungwe.