Kipupwe cha Moshi kwa Asiyepanda Mlima

Mwezi wa Novemba mji wa Garmisch-Partenkirchen, chini ya mlima Zugspitze kusini mwa Ujerumani, hauna cha kujivunia. Majani yamepukutika, theluji ya kutelezea bado haijakaa, na magari ya nyaya yapandayo mlimani husimamishwa kwa zamu ili yatengenezwe. Hata hivyo treni kutoka Munich, ninakoishi, haikosi kushusha wageni wikendi, na wengi wao hawana habari na kilele. Wanakwenda kutembea tu.

Zugspitze una mita 2,962, nusu ya Kilimanjaro. Lakini wenyeji wake walitambua zamani kwamba asiyepanda naye ni mgeni. Anayelala mjini hutozwa ushuru mdogo juu ya bei ya chumba, kisha hupewa kadi inayompandisha mabasi ya mji bila nauli. Kwa basi hilo unafika karibu na Partnachklamm, korongo la urefu wa mita 700 hivi, ambalo wakataji miti walilitumia kuteremsha magogo kwa nguvu ya maji. Njia ya miguu ilichongwa ubavuni mwa mwamba, na tangu 1912 watu hupita humo kutalii. Baridi ikianza, wanalipa kiingilio waone maji yakiganda ukutani. Njia ya kazi ya mababu inawalisha wajukuu.

Kila nikipita pale naiwaza mifongo yetu. Wazungu wa kwanza kupanda miteremko ya Kilimanjaro karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi: mifereji iliyochimbwa kwa mkono, ikitoa maji kwenye vijito vya msituni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo mno, hadi kwenye vihamba vya migomba. Kila ukoo na zamu yake ya maji, na wazee wa kuisimamia. Huo ni uhandisi. Mgeni anayemsubiri mjini Moshi mwenzake aliyekwenda kilele cha Uhuru anaweza kuondoka bila kuambiwa kwamba upo.

Na majira ya kumwonyesha ni Juni na Julai, kipupwe, masika yakishapita. Vumbi halijaanza. Moshi mjini joto limepungua, na Marangu asubuhi huwezi kutoka bila sweta (kama hukuja nalo, yamejaa kwenye soko la mitumba la Memorial). Ukungu hukaa migombani mpaka jua lipande. Kilele cha Kibo hujitokeza alfajiri au jioni, kisha hujifunika tena. Julai kahawa inaanza kuiva. Huchumwa tunda moja moja, lile jekundu tu, likamenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono; mbegu zenye utelezi huachwa zichachuke, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye chanja na kugeuzwageuzwa. Ni kahawa ya vihamba hivi iliyoijenga KNCU, ushirika wa 1933. Mtu akishika ule mpini wa mashine asubuhi ya baridi, kisha akaletewa bakuli la mtori, hahitaji kilele ili aseme amefika Kilimanjaro.

Kijiji cha Materuni wameanza: maporomoko ya maji, kisha kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele ya mgeni. Lakini hata sisi wenyewe wa Dar na wa ughaibuni tunaijua Moshi ya Desemba tu, ya Krismasi, ng'ombe na mbege. Treni ya abiria kutoka Dar iliporudishwa Desemba 2019, ilirudi kwa msimu huohuo.

Mwaka huo huo wa 2019 serikali ilizungumzia kuweka magari ya nyaya Kilimanjaro, na waongozaji na wapagazi wakapinga, wakihofia ajira zao. Mimi niko upande wao. Cha kuchukua Garmisch ni ile kadi na lile basi. Halmashauri itoze kidogo kwa kila usiku wa hoteli, fedha hiyo iweke gari la saa maalumu kati ya Moshi na Marangu Mtoni, ambako maporomoko ya Kinukamori yako mwendo wa miguu, na isafishe njia za kando ya mifongo. Familia zenye mashine ya kumenyea zijiandikishe kupokea wageni kwa zamu, kama zilivyogawana maji, na malipo yabaki kihambani.