Ujira wa Fundi Niliouzuia

Nilimdhulumu fundi. Alinipaulia nyumba Kimara, kazi akaimaliza, na masalio ya ujira wake nikayazuia kwa sababu masika ya kwanza tu dari ya chumba cha watoto ilivuja. Nilimwambia mbele ya vijana wake kwamba amefanya kazi ya kulipua. Akaomba apande juu aangalie. Nikamkatalia.

Doa lenyewe lilikuwa la rangi ya chai, karibu na taa, na kila mvua iliponyesha lilitanuka huku kingo zake zikikolea. Nikamwita fundi mwingine, nikamwonyesha sehemu ya bati iliyo juu ya doa hasa, akapaka lami kila msumari mpaka pakawa peusi. Mvua iliyofuata dari ikalowa vilevile. Tukaongeza silikoni kwenye maungio. Ikalowa tena. Na kila ilipolowa, nilizidi kumchukia fundi wa kwanza, wala sikujiuliza maji yanapitaje kwenye misumari iliyokwisha kuzibwa.

Shemeji yangu, ambaye ni seremala, ndiye aliyeniambia kwamba naziba mahali maji yanapoangukia, si yanapoingilia. Tuliingia naye darini na tochi. Mbao ya kenchi ilikuwa na mchirizi mweusi ulioanzia juu, mbali kabisa na lami yetu, ukafuata mteremko hadi kwenye kiungo. Hapo ndipo tone lilipoachia mbao na kuangukia jipsamu. Ule mchirizi ulikuwepo siku zote. Kama ningemruhusu mwenye kazi yake apande, angeuona.

Kisha shemeji akampandisha kijana mmoja juu na mpira wa maji, mimi nikabaki darini. Alimwagiza aanzie chini, karibu na mfereji, alimwagie eneo moja mpaka lilowe vya kutosha ndipo asogee juu kidogo. Ukianzia juu, maji hushuka yakalowesha paa zima, usijue tundu liko wapi. Chini pakavu. Kwenye lami pakavu. Alipofika kwenye mguu wa dishi la televisheni, tone likatoka papo hapo.

Dishi lile niliagiza mimi, paa likiwa limekwisha kukamilika. Kijana aliyelifunga alipitisha bolti kwenye bonde la bati, njia yenyewe ya maji, bila mpira wowote chini ya nati. Misumari ya fundi wangu ilikuwa yote kwenye mgongo wa bati, mahali maji hayatuami, kila mmoja na mpira wake umekaa sawasawa. Upepo ulikuwa umelitikisa dishi mpaka tundu la bolti moja likarefuka, kingo zake zimeshika kutu. Matengenezo hayakutusumbua: dishi tukalihamishia ukutani, bati lile tukalitoa, jipya likaingia chini ya kofia na kulipandia la chini yake kama inavyotakiwa.

Lililonielemea ni fedha ya mtu niliyokaa nayo masika nzima, na maneno niliyoyasema. Maana sikuishia kumnyima ujira. Nilimtangaza. Jirani aliyekuwa karibu kupaua aliniuliza habari zake, nikamwambia asithubutu kumpa kazi, naye akatafuta mwingine. Nyumba ile sasa imeezekwa na kazi imekwisha kumpita.

Nilikwenda kwake na masalio yote, nikamweleza habari ya dishi, nikamwomba radhi mbele ya vijana walewale. Habari ya jirani nayo nikamwambia, kwa kuwa hakuwa anaijua, na niliona kumficha ni kumdhulumu mara ya pili. Akaipokea fedha yake. Kisha akaniuliza nilikwenda kumsema kwa nani mwingine. Nikamtajia wote, na jioni ileile nikaanza kuwapitia majumbani kwao.