Lincoln, mji unaovaa nyekundu hata ukifungwa

Jumamosi ya mechi, mgeni anayeingia Lincoln kwa barabara kuu kutoka Omaha hana haja ya kuuliza njia. Anafuata nyekundu. Magari yana bendera nyekundu dirishani, mababu wamevaa ovaroli nyekundu, akina mama wanasukuma vigari vya watoto waliovikwa kofia nyekundu zinazowafunika hadi machoni. Karibu wote wanaelekea upande mmoja, kaskazini ya katikati ya mji, uliko uwanja uitwao Memorial Stadium.

Lincoln ni makao makuu ya jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, kwenye nchi tambarare ya mahindi, soya na ng'ombe. Ukisimama mbali unaona kwanza mnara wa jengo la serikali ya jimbo, na juu yake sanamu ya mkulima anayepanda mbegu. Ukisogea ndipo unauona uwanja. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 291,000 hivi katika mji huu. Uwanja wenyewe unachukua zaidi ya 80,000. Ndiyo maana wenyeji husema kwamba siku ya mechi uwanja unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo lao, na hesabu haiwapingi.

Huu si mpira tunaouzoea. Ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega yaliyojazwa sponji, ambao mchezaji akiufikisha mpira mwisho wa uwanja anapata tachidauni, yaani pointi sita. Wanaocheza ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, vijana wengi wao wa miaka 18 hadi 22. Jimbo zima halina timu kubwa ya kulipwa katika mchezo huo, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya kila mtu, kuanzia profesa hadi mfugaji anayeendesha gari saa tano kutoka mpakani. Jina lake ni Cornhuskers, wamenya mahindi. Tangu Novemba 1962 tiketi za kila mechi ya nyumbani zimehesabiwa kuwa zimekwisha.

Mchana, kabla ya mechi, familia hujaa Haymarket, mtaa wa maghala ya zamani ya matofali yaliyogeuzwa migahawa. Wengine huegesha magari, hufungua buti na kuchoma nyama papo hapo. Watoto hula runza, mkate laini uliojazwa nyama ya kusaga, kabichi na kitunguu, chakula kilicholetwa na wahamiaji wa Kijerumani waliotoka Urusi. Ni kitamu na kinashibisha, ingawa chumvi si haba.

Kwenye kuta za uwanja yamechongwa maneno ya mwalimu wa falsafa wa chuo hicho, ya tangu ulipofunguliwa mwaka 1923, yanayomwambia mchezaji kwamba heshima iko katika kujituma na wala si katika kushinda. Kila shabiki huyapita akiingia. Kuyakumbuka wakati wa kutoka ni kazi nyingine.

Katika uwanja huu ndipo mji mzima uligombana na mtoto wake.

Scott Frost alizaliwa Lincoln na kukulia Wood River, mji mdogo wa watu elfu moja na kitu. Baba yake aliwahi kuchezea Nebraska. Mama yake alirusha kisahani kwa niaba ya Marekani katika Olimpiki ya mwaka 1968 nchini Mexico. Wazazi wote wawili walimfundisha mpira sekondari. Baba akiwa kocha mkuu, mama akiwanoa wapokeaji wa pasi. Kijana akawa hodari kiasi kwamba jimbo zima lilimsubiri achague chuo cha nyumbani. Akachagua Stanford, California.

Baadaye alirudi Nebraska, lakini kuna waliokuwa hawajasahau. Septemba 1997, timu ikicheza vibaya dhidi ya chuo cha UCF cha Florida, mashabiki wa nyumbani walimzomea wazi na kumshangilia mchezaji wa akiba. Alikuwa na miaka 22. Miezi michache baadaye kijana huyohuyo aliiongoza timu kumaliza msimu bila kufungwa na kuwa bingwa wa taifa kwa kugawana na Michigan. Waliomzomea wakawa wa kwanza kuwasimulia watoto wao habari zake.

Kwa hiyo aliporudi Desemba 2017 akiwa kocha, Lincoln haikuona kwamba imeajiri mfanyakazi. Iliona mwana amerudi kuinua nyumba iliyoinama. Alikuwa ametoka kuifundisha UCF, chuo kilekile cha siku ile ya kuzomewa, na msimu ule UCF haikufungwa hata mechi moja. Nani angekuwa na shaka?

Msimu wa kwanza ulianza kwa kupoteza mechi sita mfululizo. Watu wakasema apewe muda. Mwaka 2018 ukaisha kwa ushindi wa mechi nne, 2019 tano, 2020 tatu katika msimu uliofupishwa na korona. Mwaka 2021 ndio uliowaumiza kuliko yote. Timu ilipoteza mechi tisa, na katika zote tisa haikuzidiwa kwa pointi kumi. Kwa mechi tisa watu walikaa hadi dakika za mwisho wakiamini, kisha wakaondoka mikono kichwani.

Hapo ndipo penye sumu. Anayefungwa kwa mbali huzima televisheni mapema na kwenda kuosha gari. Anayefungwa kwa kidogo hubaki na "laiti": laiti asingepiga ule mpira, laiti kocha angemtoa yule. Familia inakaa na laiti hiyo hadi Jumatatu. Katika mji wenye timu moja, ikitajwa mezani, kazini, kwenye ibada na kwenye foleni ya duka, hakuna mahali pa kuikimbia.

Agosti 2022 timu ilifungua msimu Dublin, Ireland, dhidi ya Northwestern. Maelfu walisafiri kutoka Nebraska, wengine na watoto wao. Mfumo wa malipo wa uwanja ukagoma, na bia zikagawiwa bure. Nebraska ikiongoza 28 kwa 17, Frost akaamuru mpira mfupi wa kushtukiza ili timu yake iuwahi tena kabla ya wapinzani. Haukufanikiwa. Northwestern wakaupata, wakapata nguvu, wakashinda 31 kwa 28. Waliokuwa wakimtetea kocha kwa miaka minne waliishiwa maneno usiku ule.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya Septemba 10, ikaja Lincoln timu ya Georgia Southern, ambayo hakuna aliyeihofia. Kabla ya siku hiyo Nebraska ilikuwa imecheza nyumbani mechi 214 ambazo ilipata pointi 35 au zaidi, na ilikuwa imeshinda zote. Usiku huo ilipata 42. Wageni wakapata 45.

Jumapili kibarua kikaota nyasi. Kwa mechi 47, Frost alikuwa ameshinda 16 na kupoteza 31. Mkataba uliokuwapo ulikitaka chuo kumlipa dola milioni 15 kwa kumwondoa. Kingesubiri hadi Oktoba 1 kiasi hicho kingeshuka hadi nusu. Hawakusubiri wiki tatu. Hasira ya watu ikipimwa kwa fedha, hicho ni kipimo kimojawapo.

Ni rahisi kuucheka mji wa namna hii ukiwa mbali. Lakini hasira ya mashabiki haiishii uwanjani, na mzazi yeyote mwenye timu anayoipenda analijua hilo hata kama halisemi. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walichunguza dharura za moyo wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa zaidi ya mara mbili ya siku za kawaida, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo ndio waliokuwa hatarini zaidi. Lincoln nayo ina kumbukumbu ya aina hiyo, ila upande wa benchi. Tom Osborne, kocha aliyeiongoza Nebraska kuanzia 1973 hadi 1997, alifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1985 akiwa bado kazini.

Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2011, unagusa nyumba moja kwa moja. Wachumi David Card na Gordon Dahl walilinganisha matokeo ya ligi ya kulipwa na taarifa za polisi. Timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ilipofungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao nyumbani uliongezeka kwa takribani asilimia 10. Timu iliyotarajiwa kufungwa ilipofungwa kweli, ongezeko hilo halikuonekana. Kilicholeta madhara kilikuwa matumaini yaliyovunjwa ghafla, kipigo chenyewe kilikuwa na sehemu ndogo. Utafiti huo haukuihusu Nebraska, na hakuna haki ya kuibebesha Lincoln mzigo huo. Hata hivyo, msimu wa mechi tisa zilizopotea kwa kidogo unasomeka tofauti ukiwa na takwimu hiyo mkononi.

Mtoto wa miaka saba aliyeketi kati ya wazazi wake haelewi mpira mfupi wa kushtukiza. Anaelewa sauti ya baba imebadilika. Anaona mama amebeba sahani jikoni bila kusema. Anasikia mtu mzima akiitwa mpumbavu na watu ambao nyumbani humkataza yeye kutumia neno hilo. Na kijana wa miaka 19 aliyeudondosha mpira anasikia pia, maana simu anayo. Kumlaumu kocha anayelipwa mamilioni ni haki ya aliyenunua tiketi. Kumtukana mwanafunzi aliye na mtihani Jumanne ni jambo lingine kabisa, ila kwenye jukwaa lenye watu 80,000 mpaka kati ya hayo mawili hufutika haraka.

Lincoln ilianza tabia hii zamani. Bob Devaney, ambaye sanamu yake ipo nje ya uwanja, alishinda mechi sita na kupoteza nne mwaka 1967, na hivyohivyo mwaka 1968. Wapo waliotaka aondoke. Hakuondolewa, akaleta ubingwa wa taifa mwaka 1970 na 1971. Osborne alipoteza mechi saba za mwisho wa msimu mfululizo kabla ya kutwaa ubingwa mara tatu. Mwaka 2003 uvumilivu uliisha: Frank Solich alifukuzwa akiwa ameshinda mechi tisa na kupoteza tatu. Walidhani tisa ni haba. Waliofuata walikuwa wanne hadi kufikia kwa Frost, na hakuna aliyerudisha kombe. Leo mashabiki wengi wa Nebraska wangeuza trekta ili wapate misimu kumi ya aina ile ya Solich.

Kufungwa nako kulifungua mlango ambao ushindi ulikuwa umeufunga. Katika miaka ya ubingwa, tiketi ya Lincoln ilirithiwa kama shamba. Asiye na mjomba mwenye kiti alitazama kwenye televisheni. Mwaka 2021 tiketi zilipoanza kubaki, chuo kilipanga wafadhili wazinunue ili watoto wa familia zisizojiweza waingie bure. Wakosoaji walisema huo ni ujanja wa kulinda rekodi ya 1962. Pengine ni kweli. Watoto waliingia vilevile.

Na lipo la maputo. Kwa miongo mingi mashabiki wa Lincoln walirusha angani maelfu ya maputo mekundu timu ilipopata tachidauni ya kwanza. Ndicho kitu ambacho watoto walikisubiri kuliko matokeo. Mwaka 2022, mwaka uleule wa Georgia Southern, desturi hiyo ilisimamishwa. Gesi ya heliamu ilikuwa adimu duniani, na chuo kikaamua iliyopatikana iende kwa matumizi ya kitabibu kwenye kituo chake cha tiba Omaha. Heliamu ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI. Kwa msimu mbaya kama ule, huo ulikuwa uamuzi mmoja ambao ni vigumu kuubishia.

Agosti 30, 2023, uwanja ulijaa kupita mechi yoyote ya Frost. Katikati ya nyasi palitandikwa uwanja wa mpira wa wavu, wasichana wa Nebraska wakacheza na wenzao wa Omaha. Waliohudhuria walikuwa 92,003, rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake, na nyekundu ilikuwa ileile, ila safari hii mabinti wadogo walikuwa wengi majukwaani. Nebraska walishinda seti tatu kwa sifuri.

Timu ya wanaume ilipata kocha mwingine, Matt Rhule. Mwaka wake wa kwanza alipoteza mechi saba, kadhaa kwa kidogo, na laiti zikarudi mezani. Frost alirudi UCF Desemba 2024, mbali na Wood River.

Desturi moja ya Lincoln haikusimamishwa na yeyote. Mechi ikiisha, timu ngeni ikikimbilia mlango wa kutokea, mashabiki wa Nebraska wanaokaa karibu na mlango huo husimama na kuwapigia makofi, hata kama wageni ndio walioshinda. Wazee huanza, na watoto wenye kofia nyekundu hutazama juu kwanza, kisha nao hupiga.