Aliyekaa Kivulini

Nilipoitazama White Shadow, filamu ya Noaz Deshe ya mwaka 2013 iliyopigwa hapa nchini, sikumwona Alias peke yake. Mvulana huyo mwenye ualbino, aliyeshuhudia baba yake akiuawa, akapelekwa mjini kwa mjomba wake, akawa mchuuzi wa miwani na simu, alinirudisha Nkololo, machungani, ambako mwenzetu alikaa kivulini kwa kuungua na jua. Tulimwita zeruzeru. Mimi, ambaye kutunga kulinianza mapema (ole wangu!), nilimtungia beti za kudhihaki uvivu wake. Hatukushika panga. Lakini mauaji yalipozagaa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, yalikuta ndimi zetu zimekwisha kumtoa katika watu. Nilipopata likizo nilimwendea. Mkewe alifungua mlango nusu, akaniuliza ninataka nini.