Franco na gitaa la mkebe

Huku Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mtoto wa wahami akianza kugongagonga kopo lenye nyaya, mara nyingi anafokewa: acha kelele! Mama yake Luambo Makiadi aliachia kelele hiyo iendelee.

Luambo, ndiye Franco, alizaliwa Sona Bata mwaka 1938. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mama akabaki anauza mandazi soko la Ngiri-Ngiri, Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mtoto akajitengenezea gitaa la mkebe, nyuzi zake nyaya za umeme zilizochunwa, akalipiga kando ya meza ya mama. Wateja walisimama kusikiliza, kisha wakanunua. Muziki wake ulilisha nyumba kabla haujaingia kwenye sahani yoyote.

Paul Ebengo, yule Dewayon, alikuwa na gitaa la kweli, akamfundisha. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15 tu, Franco alirekodi Loningisa. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Alifia Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na nchi ikaomboleza siku nne.