Mkataba Unaishia Dirishani

Kwetu Kibra, kijana wa Kinubi akitimiza miaka 18 anaulizwa, "Umeshapigwa msasa?" Msasa ni lile jopo la wazee na maafisa lililokuwa likikaa kuamua kama wewe ni Mkenya kabla upewe kipande. Wasomali wa kaskazini na Waislamu wengi wa Pwani wanaujua pia. Rafiki yangu asiye Mnubi alipeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, basi. Mimi nilipeleka hivyo hivyo, nikaambiwa nilete cha babu. Nikakileta. Karani akataka cha baba yake babu, askari wa Mwingereza aliyezikwa kabla ya uhuru. Sasa hapo unafanyaje?

Mwaka 2000 Kenya iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kifungu cha 6 kinampa mtoto haki ya jina, kusajiliwa na kupata uraia. Machi 2011, kamati ya wataalamu inayousimamia, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa, ilisema Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi: huwezi kumngojesha mtu miaka 18 ndiyo ajue kama ana nchi. Katiba yetu mpya ilikuwa na miezi saba tu, na kifungu cha 2(6) kinasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hivyo si maneno ya wageni. Ni sheria yetu.

Lakini nani alimwambia karani? Mwaka 2017 jamii yetu ilipewa hatimiliki ya ekari 288 hapa Kibra. Ardhi ikapata karatasi kabla ya vijana wengine kupata zao.

Februari 2025, Rais alitia sahihi tangazo huko Wajir la kuondoa msasa wa ziada katika kaunti za mpakani. Nilifurahi. Ila tangazo la rais mmoja, rais mwingine anaweza kulifuta. Bunge liandike sheria. Wizara ibandike dirishani orodha moja ya stakabadhi kwa kila Mkenya. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa. Na wanaokataliwa wahesabiwe, tujue ni akina nani. Serikali haitimizi mkataba kwa kupeleka ripoti ng'ambo. Inautimiza karani anapojua hana ruhusa ya kusema "njoo kesho."