Risiti Yenye Sahihi Yangu

Ushuhuda wangu hauna pombe wala hirizi ndani yake. Una kitabu cha risiti chenye kaboni, muhuri wa IMELIPWA, na kiganja changu cha kushoto.

Januari 2022 niliajiriwa kuwa karani wa usajili katika shule ya Kijerumani, ghorofa ya nne, katikati ya Nairobi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila aliyelipia ngazi zote nne kwa mkupuo, kuanzia A1 hadi B2, aliniingizia kamisheni ya shilingi 2,000. Aliyelipia ngazi moja moja hakuniingizia kitu. Basi utajua mwenyewe nilikuwa nikiwaelekeza watu wapi.

Ngazi zote zilikuwa shilingi 120,000. Fomu ilikuwa na masharti kumi na mawili kwa herufi ndogo, na sharti la tisa lilisema karo ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote ile. Nilikuwa nikiikunja fomu kabla ya kumsogezea mwanafunzi, sehemu ya sahihi ibaki juu, kisha naukandamiza mkunjo kwa kiganja ili karatasi isifumuke. Hakuna aliyenifundisha. Mbinu hiyo niliibuni mwenyewe wiki ya tatu kazini, baada ya msichana mmoja kulisoma sharti la tisa, kunishukuru vizuri, na kushuka ngazi asirudi tena.

Mtu akiuliza, "Na nikishindwa kuendelea?" nilimjibu kwa Kijerumani nilichookota pale pale: "Kein Problem." Hamna shida. Walicheka, wakatia sahihi.

Kulikuwa na jingine nililolijua nikalinyamazia. Cheti chetu, pamoja na nembo yake ya dhahabu, hakikuwa na kazi ubalozini. Muuguzi anayetaka kutambuliwa Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2, na huithibitisha kwa mtihani wa taasisi inayokubalika, kama Goethe-Institut au telc, unaolipiwa kando. Mtihani wa Goethe wa B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inataka alama 60 kwa 100. Sisi tulifundisha kusikiliza kwa spika moja iliyokoroma.

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira huko Berlin. Zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 wanatakiwa. Serikali ya Ujerumani ikakanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote. Kanusho hilo nililisoma kwenye simu nikiwa dawatini, foleni imefika kwenye lifti. Nikaizima simu, nikaita, "Anayefuata!" Mwezi huo nilipata kamisheni ya watu 41. Nikalipa malimbikizo ya kodi ya nyumba, nikanunua mtungi wa gesi, nikatoa fungu la kumi kanisani. Nililala usingizi mzuri sana, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Darasa la watu 15 likawa la watu 38. Novemba mwalimu bora tuliyekuwa naye akaondoka kwa kutolipwa, na wa A1 wakachanganywa na wa A2 chumba kimoja. Wanafunzi wakaanza kurudi dawatini kudai pesa zao. Sasa ndipo nilipokuwa nikiifungua fomu yote na kuwaonyesha sharti la tisa kwa ncha ya kalamu.

Februari 2025 akaja mama mmoja kutoka Wundanyi, ameshuka basi la usiku. Mwanawe, muuguzi wa diploma, alikuwa mmoja wa wale 41. Ng'ombe aliuzwa shilingi 45,000. Chama kikamkopesha mama 50,000 kwa riba ya asilimia kumi kila mwezi. Zile 25,000 zilizobaki kijana alizikopa kwenye simu, na siku zilipopita wakopeshaji wakawa wanampigia mpaka mchungaji wake. Desemba aliacha darasa, akaenda kubeba mawe kwenye mjengo.

Mama alikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa sababu nilimwambia Mkurugenzi wa shule ametoka. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya mlango ule ule. Mwishowe akanijia, akafungua pindo la leso, akatoa risiti.

"Mwanangu, nisomee masharti yenu. Miwani nimeisahau."

Nikaifungua fomu, nikasoma.

"Nisomee tena, polepole."

Nikasoma tena. Akanitazama. "Na yeye ulimsomea hivi?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la kila siku. Sijui lilipotelea wapi. Nikasema, "La, mama. Niliikunja."

Akakaa kimya. Kisha akauliza kama nikiitwa mbele za watu nitasema hivyo hivyo. Nikasema nitasema.

Ningependa kukuambia kwamba nilibadilika siku hiyo. Nilikaa wiki saba bila kufanya lolote. Kila Jumapili alipiga simu, nami niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Huenda wewe unayesoma uko kwenye dawati kama lile, na unajua hesabu nilizokuwa nikipiga: kodi ya nyumba, karo ya mdogo wangu, na kwamba shule nyingi zina sharti kama hilo. Zote zilikuwa hesabu za kweli.

Jumapili ya nane nikapokea. Nilijiandaa kwa laana. Akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa, maana sikuwa nikishika simu, na kule kwao walikuwa wananiombea.

Usiku ule niliandika taarifa yangu, kurasa mbili, nikataja mkunjo na kiganja. Kijana akaipeleka Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Mahakama hiyo ilifunguliwa mwaka 2021, hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na si lazima kuwa na wakili. Miaka yote ile dawatini sikuwa nimewahi kumtajia mtu mahakama hiyo. Wala sikujua kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamruhusu mteja aliyeingizwa mkatabani kwa maelezo ya uongo kuuvunja. Nilidhani sahihi ikishatiwa mambo yamekwisha.

Shule ilipoiona taarifa yangu haikungoja kusikilizwa. Ilimlipa shilingi 80,000 mwezi Mei, na siku hiyo hiyo nikafutwa kazi, mshahara wa mwezi ukabaki kwao. Usidhani 80,000 zilitosha. Deni la chama peke yake lilikuwa limefika 90,000, na ng'ombe alikwishachinjwa zamani.

Juni nikapanda basi hadi Voi, kisha matatu ya Wundanyi, na ile kamisheni yangu mfukoni. Shilingi 2,000 mbele ya hasara ya namna ile ni aibu, nilijua. Mama akazihesabu noti mbili mara moja, akamwambia binti yake achane karatasi kwenye daftari na aandike: nimepokea shilingi 2,000 kutoka kwa huyu, sina deni naye. Akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti mpaka mwisho, ndipo akatia sahihi. Kisha tukala viazi vitamu.

Sasa nauza mitumba Gikomba. Yale majina 41 niliyanakili kwenye daftari kabla sijatoka, na kufikia leo nimewarudishia kamisheni watu 17. Wawili walinitukana, nao walikuwa na haki.

Kama wewe ni mmoja wa wale 24 waliobaki, au ulipita dawatini kwangu mwaka mwingine wowote, usitupe risiti. Sahihi iliyo chini ya muhuri ni yangu, na nikiitwa nitakuja.